Ushuru wa Mchwa

Pale Kashikishi, mahali wanawake wanapopasulia samaki, kila mtu hupita mbio. Wanaume wazima na ndevu zao hujiziba pua kwa kola ya shati. Matumbo ya samaki yaliyopigwa na jua siku mbili yananuka kiasi cha kumwamsha marehemu akaomba abadilishiwe kaburi, na hata mbwa wa pale nadhani wana mpango wa kuhama. Mimi peke yangu hupunguza mwendo. Wiki iliyopita nilisimama kabisa, mfuko wa nyanya mkononi, mpaka mama mmoja mpasuaji akanisogezea kigoda akidhani nimeshikwa na kizunguzungu. Nilikaa. Sikuwa na kizunguzungu. Nilikuwa na miaka minane.

Nikiwa na miaka minane tulikuwa na nyumba Nchelenge, hatua chache kutoka ziwani, na nyumba hiyo ilikuwa inaliwa. Sisemi ilikuwa inachakaa, kila nyumba inachakaa. Nasema inaliwa, kama mtu anavyokula muhogo, kuanzia chini kwenda juu, bila haraka na bila aibu.

Wenzangu mliokulia upande huu wa ziwa mnazijua nyumba zile: nguzo za miti, fito zilizofungwa kwa kamba za magome, udongo uliosukumwa kwa mikono, nyasi juu. Baba yangu, Papa kama tulivyomwita, aliijenga yetu kwa wiki tatu, mara tu tulipovuka kutoka Kongo na godoro moja, sufuria mbili na mimi. Mdogo wangu Ngoy alikuwa bado tumboni mwa mama, kwa hiyo tulimvusha bure. Papa alikuwa fundi wa mitumbwi ya mbao. Angeweza kuziba tundu kwa pamba na lami huku mtumbwi unaelea, wenyewe wamekaa ndani, na yeye anapiga mluzi. Mti ndani ya maji aliujua kama anavyojua jina lake. Mti ndani ya udongo wa Nchelenge alikuwa hajakutana nao.

Kiwanja hakikuwa chetu. Kilikuwa cha mzee mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Shikulu, yaani babu kwa Kibemba. Hakuwa mtu mbaya, niseme mapema. Alivaa koti zito la baridi hata siku ambazo ziwa lenyewe lilikuwa linatoka jasho, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha sokoni, cha kununulia samaki kwa Wakongomani na basi. Lakini kwa Kiswahili hicho alimpa Papa sharti ambalo mwanasheria mwenye miwani miwili asingelipanga vizuri zaidi.

"Nyumba anasimama, wewe anakaa," alisema. "Nyumba analala, wewe anaenda."

Ndivyo walivyompima mgeni kwao. Unaazimwa kiwanja, unajenga nyumba ya miti, halafu unaangaliwa msimu mmoja mzima wa mvua. Mvua zikiisha nyumba bado imesimama, kiwanja ni chako. Unafyatua matofali yako, unajenga ya kudumu, na hakuna atakayekuuliza umetoka wapi. Nyumba ikianguka kabla, kiwanja kinarudi kwa mwenyewe, kwa upole, bila ugomvi. Shikulu alikuwa na mpwa wake, mkazi wa mji wa Mansa, aliyekitaka kwa ajili ya duka, na wala hakuficha. Papa aliitika "eya mukwai", ndiyo bwana, labda mara kumi na tano. Mzee alipoondoka, akamgeukia mama aliyekuwa amekaa juu ya godoro na tumbo lake.

"Paka hii mvua moja, Mama Feza. Moja tu. Kisha hatutakimbia tena."

Feza ni mimi. Nililisikia neno hilo, nikaliweka mahali salama kichwani.

Shikulu alikuja kukagua kila baada ya wiki kadhaa. Hakuleta kipimo wala kamba. Alikuwa anaegemea ukuta kwa bega, anafunga macho, anabaki hivyo kama mtu anayesikiliza matangazo ya vifo redioni. Ukuta ukinyamaza, aliupigapiga kama ng'ombe, akaomba maji ya kunywa, akaenda zake.

Mvua ya kwanza ilileta kumbikumbi, na tukawala. Mama aliwakaanga kwa chumvi, nikala nikatamani kulala ndani ya kikaango. Hakuna aliyeniambia kwamba hawa wenye mabawa na wale wa ukutani ni ukoo mmoja. Wiki mbili baadaye jamaa zao wakaanza kutula sisi.

Kwanza ilikuja mishipa ya udongo, myembamba, inapanda ukutani kama mishipa ya mkono wa mzee. Ukiibomoa asubuhi, jioni imerudi na imezaa. Kisha unga. Unga mwepesi wa mti ulishuka kutoka juu ukatua kwenye bukari, ugali wetu, kwenye nywele za mama, kwenye kope za Ngoy ambaye sasa alikuwa amezaliwa na hakujua kwamba nyumba za watu wengine hazinyeshi ndani. Kisha sauti. Saa saba mchana, jua limenyamazisha kila kitu, ukiweka sikio kwenye nguzo ulisikia krr, krr, kama mtu anayetafuna karanga chumba cha pili kwa kujificha. Mchwa wa Nchelenge, niwaambie, walikula ngazi asubuhi, walikula kiti adhuhuri, na jioni walikuwa wamenawa mikono wanangoja meza. Walikula mpini wa jembe wakaacha rangi yake imesimama peke yake. Siku moja nilisukuma kidole kwenye nguzo ya tatu, karibu na mlango, nikidhani nasukuma mti. Kidole kiliingia mpaka fundo, kama kwenye mkate. Nilikitoa polepole. Nikaziba tundu kwa udongo niliouloanisha kwa mate, nikamwomba Mungu asimwonyeshe Papa.

Lakini Papa alikuwa ameona zamani, na alipigana. Alimimina majivu kwenye shina la kila nguzo, mvua ikayaosha. Akapaka mafuta machafu ya mota za mitumbwi, meusi kama dhambi, mpaka ardhi yote kuzunguka nyumba ikawa nyeusi, na mama akatuonya kwamba mtu akipita na kijinga cha moto tutapaa. Mchwa walipita chini ya mafuta. Akapaka lami, mpaka wenye mitumbwi wakaanza kunong'ona kwamba lami yao inafika zaidi nyumbani kwa fundi kuliko inavyofika majini. Akaenda kumtafuta malkia. Alichimba nyuma ya nyumba kwenda chini hata majirani wakamwuliza kama anarudi Kongo kwa njia ya chini, na akatoka na mmoja kweli, mnono kama kidole gumba cha seremala. Kuku wakamla, tukapiga makofi. Kumbe huyo alikuwa malkia wa kata tu. Wa wilaya hatukumwona.

Mtasema, si abadilishe nguzo? Mti mgumu ulikuwa umekwisha pwani yote, umeingia kwenye moto wa kukaushia samaki. Uliobaki ulikuwa mti mwepesi, na alipobadilisha nguzo mbili, mchwa walianza na hizo, kwa heshima, kama wageni waliofunguliwa soda. Jioni alizunguka nyumba akigonga nguzo kwa mpini wa nyundo na sisi tukisikiliza: hii nzima, hii nzima, hii tupu. Kati ya kumi na mbili, nne zilikuwa tupu. Mama akamwuliza sasa nyumba inasimama kwa nguvu gani. Papa akasema inasimama kwa heshima tu.

Aliyeleta dawa alikuwa Bana Mutale, yaani Mama Mutale, jirani yetu, mpasuaji wa Kashikishi, mwanamke ambaye mikono yake iling'aa magamba hata kanisani. Aliwaeleza Papa na mama asubuhi moja, kwa Kibemba na Kiswahili na kwa kuchora chini kwa kijiti. Mimi nilikuwa shuleni. Nikirudia mambo haya yote kichwani, kila mara nagonga hapo: nilikuwa shuleni, najifunza kuandika neno "nyumba".

Niliporudi nilikuta ndoo ya matumbo ya samaki mlangoni, imefunikwa kwa gunia, na nzi wamefanya mkutano mkuu wa taifa. Papa akanipa kazi.

"Pa kila nguzo, ngumi moja. Fukia kidogo tu. Usiruke ata moja, unasikia mama?"

Aliniita mama, kama akina baba wa kwetu wanavyowaita binti zao, na nikiitwa hivyo ningeweza kubeba ziwa kwa ungo. Nikafukia. Ngumi kumi na mbili, kila baada ya siku mbili. Mama alilalamika kidogo, kwamba sasa watu wameanza kutupita mbali na tutakosa hata wa kutusalimia, lakini yeye ndiye aliyebeba ndoo kutoka Kashikishi, Ngoy mgongoni. Kwa nini tunafukia, hakuna aliyenieleza, nami sikuuliza. Sikuwa na la kuuliza. Nilijua.

Nilijua kwa sababu ya njiani. Tulipokuwa tunakimbia, kabla ya kulifikia ziwa, barabara ilikuwa na barrière kila baada ya kilima: kamba imekatiza njia, na wanaume wenye bunduki wamekaa kivulini. Walikuwa wa nani sikujua, na nadhani wengine wenyewe hawakujua. Kila barrière Papa alifungua mfuko wa samaki wakavu, akatoa wawili, watatu, akasema "pole chef, pole chef", na kamba ikashuka chini, tukaivuka. Kwenye barrière ya mwisho mfuko ulikuwa mtupu. Pale tulilazwa kifudifudi, mama na tumbo lake, tangu asubuhi mpaka jua likageuka, na mmoja akatembea juu ya mgongo wa Papa na buti zake kama anayepima godoro.

Kwa hiyo sheria ya dunia niliifahamu vizuri kuliko mwalimu yeyote wa Nchelenge. Mwenye meno anapewa samaki ili asikuume. Mchwa walikuwa na meno. Walikuwa wamekuja wengi. Papa alikuwa amejaribu ubishi, mafuta na majivu na lami, haukusaidia. Sasa amekuwa na akili, amefungua mfuko. Alikuwa anawalipa ushuru. Na safari hii mfuko haungekuwa mtupu, kwa sababu mwenye kuujaza nilikuwa mimi.

Siku ya tano nikakuta wezi.

Ilikuwa mchana, baada ya shule. Mama alikuwa ufukweni anaanika chisense, wale samaki wadogo wa mchangani, Papa alikuwa kwenye mitumbwi, na nyumbani hakuna mtu. Mstari mweusi ulikuwa umetoka kwenye nyasi za Bana Mutale, ukapita chini ya kamba ya nguo, ukaingia kwenye shimo langu la nguzo ya tatu. Sisimizi weusi, wakubwa, wenye haraka ya watu wa sokoni. Mstari wa pili ulikuwa unatoka, na kila anayetoka amebeba mdomoni kitu cheupe, laini, kama punje ya wali. Nikachuchumaa nikatazama kwa karibu. Nikasema moyoni: mayai ya samaki. Wanaiba ushuru wetu mchana kweupe. Mchwa watarudi wakute sahani tupu, watasema hawa Wakongomani hawajalipa.

Birika lilikuwa juu ya makaa, mama huliacha hapo kwa ajili ya kumwogesha Ngoy. Nikalichukua kwa pindo la gauni nikamwaga. Sisimizi walijikunja kama nywele zinavyojikunja motoni, na harufu ikapanda, kali, kama ya limau lililooza. Nilimwaga mpaka birika likaisha. Nikajaza maji mengine, nikalirudisha makaani, nikafagia maiti kwa jani. Moyo wangu ulikuwa unapiga kwa furaha. Nakumbuka furaha ile kuliko ninavyokumbuka harusi yangu.

Kesho yake walirudi, kwa nguzo ya tatu na ya saba. Keshokutwa, nguzo sita. Maji ya birika moja hayatoshi kwa jeshi la namna hiyo, na sasa nawaambia bila kuona haya kwamba nilipigana kama jenerali. Niliwamwagia majivu ya moto. Niliwapiga kwa ndala. Mwisho nikakumbuka kopo la mafuta machafu lililobaki nyuma ya nyumba. Nikachovya kijiti nikachora duara kuzunguka kila shimo, pale pale ambapo ardhi ilikuwa tayari nyeusi kwa mafuta ya Papa yaliyokwisha kukauka, hata mtu asingetambua. Sisimizi walifika ukingoni, wakainua vipembe vyao, wakanusa, wakatembea huku na huku, wakarudi walikotoka. Nilikuwa nimeweka barrière. Kumi na mbili, na kila moja ilikuwa na chef wake, na chef alikuwa mimi.

Sikusema kwa mtu. Nilitaka mvua ziishe kwanza, nyumba imesimama, Shikulu amekunywa maji yake, ndipo nimwambie Papa kwamba kuna jambo moja hakulijua.

Kila asubuhi Papa alichuchumaa kwenye nguzo ya tatu, akafukua kidogo kwa ncha ya kisu, akatazama.

"Bado," alimwambia mama.

Wiki ya pili, bado. Wiki ya nne, bado. Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayengoja mgeni ambaye chakula chake kimepoa. Mimi nilidhani anaangalia kama mchwa wamemaliza kula, na kila "bado" ilinijaza raha, maana yake chakula kipo, hakuna aliyeiba. Nikiona Papa amefukua, nilirudia duara langu kwa mafuta mapya. Bana Mutale alikuja mwenyewe siku moja, akainama, akaikuna ardhi kwa ukucha, akaitazama muda mrefu, akaondoka. Kwake sisimizi walipita kama barabara kuu ya Mansa. Nilikuwa nawaona kupitia ua, na nilijua tu kwamba huko ndiko wezi wanakokaa, na kwamba ni huruma mama mwema kama yule kuishi nao.

Zikabaki mvua chache. Watu wakaanza kusema msimu unafunga. Papa alikuwa amekwisha kuchimba shimo la kukanyagia udongo wa matofali, na amechonga forma ya kufyatulia kwa ubao wa mtumbwi uliokufa, akaipiga randa mpaka ikawa laini ndani kama bakuli. Usiku tulilala na forma ile kati yetu kama mtoto wa tatu. Krr, krr ya mchana ilikuwa imepungua, na mimi nilidhani ni kushiba. Sikujua kwamba ni kumaliza.

Shikulu alikuja mchana, na koti lake. Papa alinawa mikono ya lami. Mimi nilisimama wima kando ya nguzo ya tatu kama askari siku ya gwaride. Mama aliingia ndani na Ngoy mgongoni kuchota maji ya mgeni. Mzee akachagua ukuta wa upande wa ziwa, akafunga macho, akaegemea.

Ukuta haukupiga kelele. Ulimpokea. Bega liliingia, kisha mkono, kisha nusu ya koti, na mama kule ndani akaona mkono wa mzee unatokea ukutani, vidole vimefunguka, kama anayeomba kikombe. Kisha pembe ya nyumba ikakaa chini. Siwezi kusema ilianguka. Ilikaa, polepole, kama mwanamke mwenye mimba anavyojishusha kwenye mkeka, na pembe ya pili ikafuata, na nyasi zikateremka juu ya vyote, na vumbi likapanda mpaka kisiwa cha Kilwa kule ziwani nadhani waliliona. Mama alitoka mbio na Ngoy mgongoni na kikombe mkononi. Ngoy hakulia. Maji hayakuwa yamemwagika.

Papa alimvuta Shikulu kutoka kwenye udongo. Akampangusa koti, mbele na nyuma, akamwomba msamaha kwa ajili ya koti. Mzee ndiye aliyelia kwanza.

"Mimi hapana sukuma, Bashi Feza," alimwambia Papa. "Mimi hapana sukuma."

Papa akamjibu kwamba anajua. Aliokota kipande cha nguzo, akakivunja kwa vidole kama biskuti. Ndani hakukuwa na mti, kulikuwa na vijia tu, vyumba vyumba, vimepigwa lipu vizuri kuliko nyumba yetu. Alikitazama kipande kile kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwingine. Kisha akakiweka chini, hakukitupa.

"Bon," alimwambia mama. "Udongo ya huku haitupendi."

Mimi nililia mpaka nikatapika, na watu wakanipa pole kwa ajili ya nyumba. Sikulilia nyumba. Nililia kwa sababu sikuua sisimizi wa kutosha. Mahali fulani, siku fulani, mmoja alinipita.

Shikulu alikuja na kuku wa kutuaga, maana sharti ni sharti hata kama mtu analia. Mpwa wa Mansa alijenga duka. Sisi tulipelekwa kwenye makazi ya wakimbizi, kule porini, mahali ambapo maji yanatoka kwenye pampu na mtumbwi ungeonekana kama kitu cha kuchekesha. Tulipewa turubai la plastiki kama wote. Wenzetu walikaa chini yake mwaka mmoja, miwili, kisha wakafyatua matofali, wakaezeka, wakapanda migomba. Papa alikaa chini ya turubai. Likichanika alishona, likioza aliomba jingine. Hakuchimbia hata nguzo ya kuanikia nguo. Nguo zetu zilikauka juu ya majani. Vijana walipojitolea kumfyatulia matofali, aliwashukuru akawaambia udongo ulikwisha kujibu, na mtu mwenye adabu haulizi mara mbili. Mama alifia chini ya turubai hilo katika mvua ya tano, na jambo la mwisho alilolisikia duniani lilikuwa maji yakipiga plastiki juu ya uso wake. Ngoy alipokuwa kijana aligombana na Papa kwa ajili ya matofali, akavuka kwenda Kongo, na mpaka leo hatujui yuko wapi.

Mimi niliolewa nikarudi Nchelenge. Nikiwa na watoto wawili nikaanza shule ya jioni, darasani mwa watoto wa msingi, kwenye madawati madogo ambayo magoti yako yanakugonga kidevu kila ukipiga chafya. Tulikuwa wauza samaki, mafundi baiskeli, na askari mmoja aliyelala tangu muhula wa kwanza mpaka cheti. Siku moja mwalimu wa kilimo, kijana mdogo, akauliza mtu asiye na pesa ya dawa anawezaje kuilinda nyumba na mchwa. Muuza samaki wa nyuma akajibu bila kuinua mkono. Matumbo ya samaki, alisema. Unafukia kwenye nguzo, sisimizi weusi wanafuata harufu, wakishafika wanawaona mchwa, wanawabeba mmoja mmoja mdomoni mpaka kiota kinaisha. Darasa likacheka, kwamba hiyo hata mtoto mchanga wa Kashikishi anaijua. Mwalimu akaandika ubaoni.

Nilicheka na mimi. Nilicheka kuliko wote, mpaka askari akaamka. Halafu nikaviona vile vitu vyeupe, laini, kama punje za wali. Nilinakili ya ubaoni mpaka nukta ya mwisho, kwa mwandiko mzuri, na tulipata alama kumi kwa kumi sote.

Ilinichukua miezi miwili kwenda kumwambia. Nilimkuta amekaa nje ya turubai, anashona tundu kwa sindano ya nyavu, na mikono yake ilikuwa bado ya fundi. Njia nzima nilikuwa nimepanga jinsi ya kuanza kwa mzaha. Sikuanza kwa mzaha. Nilimwambia yote kwa mpangilio: barrière, samaki wakavu, birika la Ngoy, kopo la mafuta, duara kumi na mbili. Aliendelea kushona. Nilipofika kwenye mstari mweusi chini ya kamba ya nguo, sindano ikasimama.

"Zilikuya?" aliniuliza.

"Zilikuya, Papa."

"Pa nguzo gani?"

"Ya tatu kwanza. Kisha zote."

"Mingi?"

Niliogopa kuongeza hata sisimizi mmoja. Nikamwambia mstari ulitoka kwa Bana Mutale mpaka mlangoni kwetu bila mwanya, na kila aliyetoka alikuwa amebeba.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepewa habari za ndugu waliopotea. Nilingoja anigombeze. Nilitamani anigombeze, hata anipige, mimi mama wa watoto wawili. Alizitazama nyumba za matofali za majirani, moja, nyingine, nyingine, mpaka ya mwisho kule kwenye pampu, halafu akalitazama turubai lililokuwa mapajani mwake.

"Basi tungebakia," alisema.